Mstari wa Herufi Thelathini na Mbili

Karatasi ya patron, mwenye kazi, ilikuwa na upana wa herufi thelathini na mbili. Si thelathini na tatu. Nilihesabu mara mbili, kwanza kwa macho, kisha kwa ncha ya kalamu ya Bic, na mara zote mbili herufi ya thelathini na tatu iliangukia mstari wa chini peke yake, kama mtu aliyechelewa ibada akakuta benchi limejaa.

Ilikuwa rola ya tikiti, ile nyembamba inayochapwa kwa joto bila wino. Patron alikuwa amenunua katoni nzima kwa bei ambayo alimsimulia kila mtu aliyeketi ofisini mwake zaidi ya dakika tano. Alikuwa na ajansi ya vifurushi: makao yalikuwa Butembo, mashariki ya Congo, gari moja lilienda Beni na kurudi, na pikipiki tano zilitoka Beni kwenda kule ambako gari halipendi kwenda, yaani Mangina, Kamango na vijiji vya katikati. Mimi nilikuwa nimemtengenezea programu kwa lugha ya Java. Pikipiki ikitoka au ikifika, mtu wa guichet, dirisha la kupokelea mizigo, anabonyeza kitufe kwenye kompyuta, na mtandao ukijisikia vizuri siku hiyo, habari inafika Butembo.

Sasa programu yoyote yenye malezi inaandika logi. Logi ni daftari ambalo programu inajiandikia yenyewe: saa hii nimefanya hili, saa ile nimeshindwa lile. Kwa kawaida linakaa ndani ya mashine na halisomwi na mtu isipokuwa mimi, siku mambo yakiharibika. Kosa langu la kwanza lilikuwa kumtajia patron kwamba lipo.

"Mashine inaandika yote yenye inafanya," alisema polepole, "na weye ulikuwa unanificha?"

Akataka lichapwe kila jioni kwenye rola zake, litundikwe kwenye msumari mlangoni, watu wasome, kama matangazo ya parokia. Nilimweleza kwamba logi haikutengenezwa kwa ajili ya wapakiaji mizigo. Akanijibu kwamba wapakiaji wake wana macho, na anayalipa pamoja na mikono.

Donc tukaketi kupatana. Nimeuza tochi za sola sokoni miaka sita kabla ya kusoma informatique, najua kupatana. Mstari wangu wa kwanza ulikuwa na herufi mia moja na nane. Ulikuwa na mwaka, mwezi, siku, saa, dakika, sekunde, sehemu za elfu za sekunde, tofauti ya saa, kiwango cha habari, jina la kazi inayoendelea ndani ya mashine, jina la faili la programu, halafu, mwishoni, kama mgeni asiye na haraka, habari yenyewe. Niliutundika juu kama muuzaji anavyotundika bei ya kwanza, nikijua utashuka. Patron naye amezaliwa Butembo, mji wa wafanyabiashara. Aliuangalia kama mtu anayeangalia mbuzi mwenye kilema.

"Mwaka ya nini? Mwaka najuwa."

Mwaka ukaondoka, mwezi na siku nyuma yake. Tarehe ataiandika mwenyewe juu ya karatasi.

"Na hizi namba tatu kisha segonde?"

"Sehemu za elfu za sekunde, patron."

Aligeuka akatazama nje dirishani. Shofa wake alikuwa bado anakula, na gari lilikuwa liondoke nusu saa iliyopita. "Elfu ya segonde," alisema. "Toa. Toa na segonde yenyewe."

Akafika kwenye neno INFO. "Mutu anakuja kwangu na habari, anaanza kusema, patron, hii njo habari? Toa."

"Mais si kila mara ni INFO," nilijaribu. "Kuna WARN, ni onyo. Kuna ERROR, ni kosa."

"Onyo ku mulango yangu? Mbele ya baclients?" Alitikisa kichwa kwa huruma, kama vile mimi ndiye nina matatizo. "Onyo unaniletea mu bureau, mulango imefungwa."

Kisha akaona neno main, ambalo Java inaliandika bila kuulizwa. Patron alisoma kwa Kifaransa. "Main. Mukono ya nani?"

Kuna bidhaa ambayo ukiieleza inashuka bei zaidi. Nikatoa.

Jina la faili la programu nililitoa mwenyewe bila kuombwa. Lilikuwa na herufi arobaini na moja na nilikuwa nalipenda.

Nikadhani tumemaliza. Mtu akishateremsha bei hivyo, anatoa pesa, anachukua mzigo, anakwenda. Patron akafanya jambo ambalo sijawahi kuona sokoni. Akaongeza.

"Hapa mwisho iseme wasingya."

Wasingya ni asante ya Kinande. Ina herufi nane, na nafasi ya mbele yake ni tisa.

"Patron, mashine haina mtu wa kumshukuru."

"Njo maana haina adabu. Mutu hapana kuingia kwa batu, anatupa maneno, anatoka. Mimi sijali utatoa nini ingine. Wasingya inabaki."

Nilirudi kwenye meza yangu, nikafupisha majina yote ya mahali yawe herufi nne, Beni, Kama, Mang, Bute. Pikipiki ikawa moto, kama tunavyoiita huku, imetoka ikawa toka, imefika ikawa fika. Bado nilikuwa nimezidi kwa herufi tano. Na pale palikuwa na herufi tano zimekaa baada ya saa, hazifanyi kazi yoyote ninayoijua: +0200. Maana yake ni kwamba saa yetu ya mashariki ya Congo iko saa mbili mbele ya saa ya kimataifa. Nikajiuliza, kwa diploma yangu yote, ni nani katika ajansi hii anayeishi saa tofauti na mwenzake. Hata guichet ya Kinshasa, ambako saa ni nyingine, hatuna. Nikaingia kwenye faili la mipangilio, mahali panapoandikwa umbo la mstari, nikafuta herufi moja tu, Z, inayoziagiza zile tano, nazo zikaondoka.

07:02 Moto 4 toka Beni. Wasingya

Thelathini na mbili kamili. Hesabuni. Mimi nilihesabu mara mbili, nikaenda kunywa soda nikiwa nimejipongeza vya kutosha kwa niaba ya kila mtu.

Wiki ya kwanza karatasi ilichekesha. Kulikuwa na pikipiki moja ambayo mtu wa Beni alisahau kuijazia namba, na Java ikikosa kitu inaandika null. Ikatoka: Moto null toka Mang. Kesho yake mteja mmoja alikataa kifurushi chake kisibebwe na Moto 2, akasema anataka ile Null, kwa sababu hajawahi kusikia inalalamikiwa. Nikarekebisha. Wapakiaji wakawa wanaisoma karatasi asubuhi kabla ya kugusa mzigo, mmoja akisoma kwa sauti na wengine wakitoa maoni, na wote pamoja wakijibu wasingya. Patron alisimama nyuma yao mikono mgongoni, kama mtu aliyejenga shule.

Moto 4 ilikuwa ya mwanamume mmoja wa Mangina, shemasi wa kanisa la Kiprotestanti, aliyehamia commune ya Ruwenzori pale Beni na mke na watoto watano. Alikuwa na miaka arobaini na miwili, na kwa dereva wa pikipiki huo ni uzee wa kuheshimiwa. Nilimwita yaya, yaani kaka mkubwa, na nusu ya ajansi ilimwita hivyo. Yeye alikuwa wa njia ya Kamango: siku moja anapeleka vifurushi, analala huko, kesho yake asubuhi anarudi na maboxi ya vifaranga wa siku moja waliovuka kutoka Uganda. Vifaranga hawajui kusubiri. Katika miaka mitatu alikuwa amepoteza boxi moja, na hilo liliangukiwa na mvua ya mawe.

Mwanzoni Kamango haikuwa na kompyuta. Mama wa guichet alipiga simu Beni pikipiki ikifika, na wa Beni aliandika. Kisha patron akawanunulia laptop, ikaanza kuleta mistari yake yenyewe jioni, mtandao ukikubali. Hapo ndipo karatasi ilipoanza kusema.

07:02 Moto 4 toka Beni. Wasingya
11:34 Moto 4 fika Kama. Wasingya

Saa nne na dakika thelathini na mbili. Sisi ofisini saa tunazisoma kama zilivyo kwenye simu, si kwa hesabu ya Kiswahili, kwa hiyo hakuna wa kusema alihesabu vibaya. Kila mtu alijua njia hiyo inachukua saa tatu na nusu siku isiyo na matope. Safari ya pili, saa nne na nusu. Ya tatu, vilevile. Kufikia ya nne, wapakiaji walikuwa hawasomi tena mistari mingine.

"Yaya yetu iko na bibi wa pili ku njia," alisema yule msomaji wao.

"Bibi ya lisaa moja?"

"Njo bei nafuu. Hata shemasi anaweza."

Walicheka, na mimi nilicheka. Patron hakucheka. Alichukua Bic nyekundu akazungushia duara kila mstari wa Moto 4. Kwenye njia nyingine, saa nzima isiyo na maelezo ni uvivu, unakatwa mshahara, yanaisha. Kwenye njia ya Kamango, inayopita msitu wenye waasi, ni swali. Ulisimama wapi, na nani, alikuuliza nini, ulimwachia nini. Familia nyingi za Beni zina mtu wao aliyepotelea kwenye msitu ule, kwa hiyo pale hakuna anayeuliza kwa mchezo, na mtu akishaulizwa mara moja, jirani zake wanaanza kumsalimia kwa mbali.

Akaitwa Butembo. Alishuka na gari la ajansi Jumatano mchana, koti lake la mvua limekunjwa mkononi, akasimama mbele ya meza ya patron. Mimi nilikuwa pembeni na kompyuta yangu, kama shahidi wa serikali.

"Ulisimama wapi?" patron aliuliza.

"Patron, nasimama mara mbili. Ku barrière ya askari, na kukojoa."

"Kukojoa lisaa moja?"

"Mimi niko mutu, patron. Si tembo."

Patron alisukuma karatasi kwake. "Hii inasema."

Alisoma mistari yote minne, kidole kikifuata, bila haraka. "Mimi hapana kufika hii saa," alisema.

Na hapo mimi, ambaye hakuna aliyekuwa ameniuliza, nikasema: "Yaya, mashine haina ndugu."

Nakumbuka nilivyolisema, nikiwa nimeegemea kiti nyuma. Aligeuka akanitazama, si kwa hasira. "Na weye ulinisindikiza kule?" aliuliza. Halafu akamrudia patron.

Patron alimwambia aache ufunguo wa pikipiki. Mpaka Jumamosi awe na jibu, la sivyo Moto 4 inapata mtu mwingine. "Na kuko mutu wa usalama alipita hapa jana," aliongeza, akishusha sauti. "Aliuliza hii karatasi ku mulango ni ya nini. Nikamuambia ni ya kazi. Kama anarudia, mimi sitamudanganya."

Shemasi aliweka ufunguo mezani. Mkono wake ulibaki juu ya ufunguo kidogo kabla ya kuondoka.

Sitadai kwamba nilimhurumia. Nilichokuwa nacho ni ugonjwa wa kuhesabu. Sokoni, mtu akikuambia jumla, unaianza upya kutoka chini kwenda juu. Sisi tulikuwa tumehesabu safari za kwenda tu, kwa sababu ndizo zilizokuwa na aibu. Alhamisi asubuhi nikahesabu za kurudi.

07:10 Moto 4 toka Kama. Wasingya
09:40 Moto 4 fika Beni. Wasingya

Saa mbili na nusu. Na maboxi ya vifaranga mgongoni. Patron alikuwa ameona hilo na alikuwa na maelezo yake: akienda anapoteza muda, akirudi anakimbia kuufidia. Ila mimi ile njia naijua. Hakuna aliyewahi kuifanya kwa saa mbili na nusu, labda awe amebebwa na tai. Nikajumlisha kwenda na kurudi, saa nne na nusu na saa mbili na nusu, saba. Gawa kwa mbili: tatu na nusu, ileile ya kila mtu. Safari ya pili, saba. Ya tatu, saba kasoro dakika nne. Saa iliyopotea kwenda ilikuwa inarudishwa kila mara, nzima, bila riba. Nimefahamiana na wezi wa kila daraja, na mwizi huchukua anachokipata: leo dakika ishirini, kesho masaa mawili. Anayechukua saa moja kamili na kuirudisha kesho yake asubuhi si mwizi. Huo ni mpaka wa nchi.

Nilijua kabla ya kupiga simu. Nilipiga kwa sababu nilitaka nikosee.

Mama wa guichet ya Kamango alikuwa mwalimu zamani. "Hallo, ingénieur," alisema.

"Mama, kwako ni saa ngapi?"

"Unanipigia simu kuniuliza saa? Unités ya simu imekuwa mingi kwako?"

"Saa ngapi tu, mama."

"Dix heures vingt."

Kumi na dakika ishirini. Saa ya ukutani kwangu ilisema tisa na ishirini. "Na ile ya mashine?"

"Ileile. Si ilinunuliwa Uganda, ikakuja na saa yake. Huku soko inaenda na saa ya ng'ambo, simu pia. Ulitaka mimi peke yangu niishi na saa ya Butembo, nikakuwe mutu wa wapi?"

"Mbona hukuniambia?"

"Nikuambie nini, baba? Weye uliuza tochi hapa. Na tena, ku ile karatasi yako kuko fasi ya kuandika?"

Alikuwa na haki, na mbaya zaidi alikuwa na haki mara mbili. Nilikuwa nimefika soko la Kamango zaidi ya mara ishirini, na kila mara niliposhuka kwenye pikipiki niliongeza saa moja kichwani bila kufikiri, kama mtu anavyoinamisha kichwa mlango mfupi. Mteja wa Uganda akikuambia saa kumi, unafika tisa. Kila muuzaji anajua. Niliijua kwa miguu na kwa mfuko. Haikunipitia akilini kwamba kompyuta nayo inavuka mpaka na kuchukua tabia. Java yenyewe ilijua. Ile laptop ilikuwa imejitambulisha kwa uaminifu kuwa iko saa tatu mbele ya saa ya kimataifa, si mbili, na ilikuwa tayari kuandika +0300 kila mstari, kama isingekuwa mimi niliyeifunga mdomo ili kupata nafasi ya asante.

Basi nikafanya anachofanya muuzaji yeyote aliyegundua mizani yake ina kasoro: nikatafuta njia ya kuirekebisha bila mtu kuona. Ilikuwa rahisi mno. Mama abadilishe saa ya laptop, kubonyeza mara nne. Karatasi inanyooka, patron anatulia, shemasi anarudishiwa ufunguo, na mimi nabaki na soda yangu.

Nikahesabu mara ya pili. Kama saa ile itatoweka sasa, mara tu baada ya mtu kukaripiwa, kila anayesoma karatasi mlangoni atasema: mnaona, alipotishwa aliacha. Ningemsafisha kwa njia ambayo ingemtia hatiani milele, na mtu wa usalama angepewa ushahidi uliopangwa vizuri, herufi thelathini na mbili kwa mstari. Ilibidi kosa liandikwe palepale lilipoandikwa lile lingine, na mwenye kosa asimame karibu nalo.

Nikafungua faili la mipangilio. Java ina namna fupi ya kuandika tofauti ya saa, alama ya kujumlisha na tarakimu mbili tu. Herufi tatu. Nilizipata wapi? Nikaandika M4 badala ya Moto 4, nikapata nne. Ndiyo kusema nafasi ilikuwepo tangu siku ya kwanza, pamoja na asante ya patron, na ningebakiwa na herufi moja ya chenji. Sikuitafuta kwa sababu nilikuwa na haraka ya kushinda.

Nikaituma mipangilio mipya kwa guichet zote, nikampa patron habari, mlango umefungwa, kama alivyotaka kwa maonyo yote.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniambia nirudie, na nilijua ananihesabu.

"Donc lisaa ya yule mutu," alisema, "ni weye uliichukua."

"Niliifuta, patron."

"Kuna tofauti gani?"

Nilimwomba tu kwamba Jumamosi nisimame mlangoni mbele ya watu na kueleza. Alisema hakuna haja niombe, alikuwa tayari kuniamuru.

Jumamosi asubuhi shemasi alikuja na shati la kanisani. Wapakiaji walikuwa wameacha mzigo kabisa. Nilieleza, nikaona nyuso zimekaa vilevile: fundi anatetea rafiki kwa maneno ya mashine. Kwa bahati Moto 2 ilikuwa imeondoka Beni asubuhi mapema kwenda Kamango kwa nafasi ya shemasi, na nilikuwa nimemwomba mama atume mstari palepale ikifika, asingoje jioni. Tulisubiri. Sijawahi kuona watu wengi hivyo wakingoja karatasi ya tikiti. Mashine ikakohoa.

11:29+03 M2 fika Kama. Wasingya

"Soma," patron alimwambia yule msomaji.

Alisoma. Kisha akatoa simu yake mfukoni, akaiangalia, akamwangalia mwenzake. "Mais sasa ni dix heures trente, kumi na nusu."

"Ile moto imetupita lisaa moja mbele," alisema mwenzake.

"Muulize kule mbele, mvua itanyesha?"

Walicheka, na safari hii shemasi alicheka kidogo nao, kwa pua. Nilichukua Bic, nikapanda kwenye boxi, na kwenye kila mstari wa laptop ya Kamango uliotundikwa pale nikaandika +03 kwa mkono. Patron alikataa rola ile iondolewe. Alisema kilichoandikwa hakifutwi, kinaongezewa. Niliandika mara nane, nikarudi mwanzo kuhakikisha ni nane. Hakuna aliyenisaidia kushika boxi.

Ufunguo alirudishiwa palepale. Mngedhani yameisha. Alikaa nao mkononi, akaniita pembeni.

"Mudogo, ku barrière walishaniuliza ile lisaa," aliniambia. "Jumanne, kabla patron aniite. Shofa wa gari alipeleka habari Beni, ikafika kwao. Hii karatasi yako iko hapa ku msumari. Mimi niko naenda kule."

Akataka kipande cha karatasi abebe. Nilimchapia mistari yake yote na saa zake sahihi, akaikunja akaiweka na permis yake ya kuendesha. Wiki tatu baadaye alirudi. Jua na jasho vilikuwa vimeila karatasi ile. Karatasi ya joto haishiki maneno muda mrefu, kilibaki kivuli tu cha wasingya. Nikamchapia nyingine. Akaipeleka Beni kwa mtu wa photocopie aifunike plastiki, na mashine ya plastiki ni ya moto. Ilitoka nyeusi yote, ubao wa shule mdogo, umefunikwa vizuri sana. Aliileta akaiweka mezani kwangu.

Uvumi ule, kwa upande wake, haukuwa umefifia hata kidogo, na hakuna aliyelazimika kuuchapa upya.

Basi nikachukua karatasi ya kawaida na wino wa kawaida. Niliandika kwamba katika safari hizo nne dereva wa Moto 4 hakuchelewa, kwamba guichet ya Kamango inatumia saa ya Uganda, na kwamba tofauti ya saa ilifutwa ofisini Butembo. Patron alisoma, akasema maneno ni mengi, akataka tutoe sentensi moja. Nilimwambia hapana. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza nimemkatalia bila kumpa bei nyingine. Akapiga mhuri.

Shemasi aliisoma amesimama, kidole kikifuata.

"Hapa umeandika ilifutwa," alisema. "Ilijifuta?"

Nikaichukua karatasi, nikaandika jina langu, la kwanza na la baba, na kazi yangu, na kwamba ni mimi niliyefuta. Alisoma tena kutoka juu. Kisha akaikunja mara nne, akaiweka kwenye mfuko wa plastiki wa sukari, mfuko akautia ndani ya koti, na akaenda kutafuta nafasi kwenye gari la Beni.